Sewa Haji Paroo: Mfanyabiashara wa Misafara Aliyeujengea Mji wa Dar es Salaam Hospitali

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayefika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kumtazama mgonjwa wake huelekezwa kwa majina ya majengo. Huambiwa aende Mwaisela, au Kibasila, au Sewahaji. Jina hili la mwisho limezoeleka mno midomoni mwa wakazi wa Dar es Salaam hata limekuwa neno moja, na wapo wanaodhani kuwa ni jina la mtaa wa zamani au la kijiji kilichokuwapo kabla ya hospitali kujengwa. Ukweli ni kwamba hilo ni jina la mtu. Aliishi karne ya kumi na tisa, akazaliwa na kufa Unguja, akafanya biashara Bagamoyo, na ndiye aliyetoa fedha zilizojenga hospitali ya kwanza ya mji wa Dar es Salaam iliyokusudiwa kumpokea mgonjwa bila kujali kabila wala rangi yake.

Maisha ya Sewa Haji Paroo hayakuwa marefu. Alizaliwa mwaka 1851 na kufariki dunia mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano au sita. Hata hivyo ndani ya muda huo alishuhudia pwani ya Afrika Mashariki ikipita katika mikono ya Sultani wa Zanzibar, kisha ya kampuni ya Kijerumani, kisha ya dola ya Kijerumani yenyewe, naye akafanya biashara na tawala zote hizo. Ili kuelewa ni kwa nini mfanyabiashara wa nguo na pembe za ndovu alifikia kujenga hospitali, ni lazima kwanza kuifahamu biashara aliyoifanya na watu walioibeba biashara hiyo mabegani.

Familia yake ilikuwa ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, wenye asili ya Kutch huko India. Baba yake, Haji Kanji, alivuka bahari kama walivyovuka wengi wa eneo hilo kwa pepo za msimu, akafungua duka Unguja, na baadaye tawi Bagamoyo. Sewa alizaliwa katika duka hilo, kwa namna ya kusema, na alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alikuwa tayari amekabidhiwa shughuli za Bagamoyo. Lugha aliyoitumia kazini ilikuwa Kiswahili. Hapakuwa na namna nyingine ya kufanya kazi katika mji ambao Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Washomvi, Wanyamwezi, Waarabu, Wahindi na Wazungu walikutana kila siku kwa ajili ya bei.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa bara. Njia kuu ya misafara ilianzia hapo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake hadi Manyema. Safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua takriban miezi mitatu kwa miguu. Wanyama wa kubeba mizigo hawakudumu katika njia hiyo kwa sababu ya mbung'o, na barabara ya magari ilikuwa haijafikiriwa. Kila kitu kilikwenda kichwani au begani mwa mpagazi: majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na mizungo ya masango, yaani waya wa shaba. Vilivyorudi vilikuwa pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo mtu alitembea mamia ya maili akiwa amebeba uzito wa takriban kilo 30, achilia mbali mkeka wake, chungu chake na chakula chake.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuuwezesha msafara kuondoka. Msafiri au mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alihitaji kujua ni ushanga wa rangi gani unaopokelewa Ugogo na ni nguo gani inayotakiwa Unyamwezi. Alihitaji bidhaa hizo zifungwe katika mizigo ya uzito unaobebeka. Alihitaji wapagazi, kirangozi wa kuwaongoza, na mara nyingi alihitaji mkopo wa kulipia yote hayo hadi pembe zitakaporudi. Vyote hivi vilipatikana katika nyumba ya Sewa Haji. Aliwaandalia safari wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, wamisionari, na wasafiri kutoka Ulaya, na kadiri miaka ilivyopita jina lake likawa ndilo la kwanza kutajwa na kila aliyetaka wapagazi Bagamoyo.

Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyefika pwani mwanzoni mwa mwaka 1871 akiwa na kazi ya kumtafuta David Livingstone. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja ambaye naye alikuwa Mkhoja wa Ismailia, ndiye aliyempa Stanley barua ya kumtambulisha kwa kijana huyo wa Bagamoyo. Sewa Haji alikuwa na umri wa miaka ishirini tu. Wawili hao hawakupendana. Katika kitabu alichokichapisha baada ya safari, Stanley aliliandika jina la kijana huyo kwa makosa na kumsawiri kama mlaghai asiyechoka, anayeongeza bei leo na kupunguza hesabu kesho. Msomaji wa kitabu hicho anapaswa kukumbuka kwamba Stanley alikuwa mgeni mwenye haraka, asiyejua bei, asiyejua lugha, na aliyekuwa akishindana na masika. Anapaswa pia kukumbuka kwamba mfanyabiashara wa Bagamoyo hakuwa malaika. Lililo wazi ni kwamba misafara mitano ya Stanley iliondoka, wa kwanza mwezi Februari na wa mwisho mwezi Machi mwaka huo, na kwamba wapagazi waliomfikisha Ujiji walipatikana kwa msaada wa kijana aliyemlalamikia.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo simulizi nyingi za wafadhili hulipita kimya. Utajiri wa Sewa Haji ulitokana na uchumi wa misafara, na uchumi huo haukuwa safi. Pembe za ndovu na biashara ya utumwa zilipita katika njia zilezile, na mara nyingine katika misafara ileile, kwa mikopo ya nyumba zilezile za biashara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo. Sewa Haji aliuza pia bunduki na baruti, bidhaa ambazo watawala wa bara walizihitaji kwa uwindaji wa tembo na kwa vita. Kumtazama kama mtu mwema aliyetokea mahali pasipo na historia ni kuikosa historia yenyewe.

Lakini ni uchumi huohuo uliomweka karibu na watu ambao afya zao hazikuwa na mwenyewe. Mpagazi, ambaye kwa kawaida alikuwa Mnyamwezi au Msukuma, alifika Bagamoyo baada ya miezi mitatu njiani akiwa mbali na ukoo wake. Kama miguu yake ilikuwa na vidonda, kama alikuwa na homa au kuhara damu, hakuwa na shangazi wa kumpikia uji wala mganga aliyemjua. Njiani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana aliyeshindwa kutembea aliachwa, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake. Misafara ilisafirisha pia maradhi. Ndui ilitembea na wapagazi kutoka kambi hadi kambi. Funza, ambao hawakuwapo Afrika Mashariki kabla, walivuka bara kutoka pwani ya magharibi na kufika upande huu kwa njia za biashara katika miaka ya 1890, wakawatia watu vilema kabla hawajajifunza namna ya kuwatoa. Sotoka iliua ng'ombe kuanzia mwaka 1890 na kuendelea, nzige wakafuata, na njaa ikawasukuma watu wengi kuelekea miji ya pwani kutafuta chakula. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita Bagamoyo kila mwaka. Mtu aliyekuwa akiajiri wapagazi kwa zaidi ya miaka ishirini aliyaona hayo yote kutoka barazani kwake.

Wakati huo tiba ya kisasa pwani ilikuwa haba. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakiwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa, zahanati, na baadaye mahali pa kuwatunzia wenye ukoma. Sewa Haji, aliyekuwa Mwislamu, alikuwa na urafiki wa kudumu na misheni hiyo ya Kikatoliki na aliisaidia kwa mali. Hakuna cha kushangaza sana hapo kwa mtu anayeijua Bagamoyo, mji ambao watu wa dini mbalimbali wameishi kwa kugongana viwiko. Hata hivyo ni jambo linalostahili kukumbukwa, kwa sababu miaka michache baadaye litajitokeza tena katika wasia wake.

Mwaka 1888 mambo yalibadilika kwa kishindo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipopandisha bendera yake katika miji ya pwani, wenyeji walisimama kuipinga, wakiongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bagamoyo. Bagamoyo ilipigwa mizinga na sehemu kubwa ya mji na vijiji vya jirani ikaharibika. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Bagamoyo ikawa makao ya utawala mpya kwa muda mfupi, hadi mwaka 1891 ambapo Wajerumani walihamia Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 na kubaki nusu umejengwa baada ya kifo chake mwaka 1870. Bandari yake ilikuwa na kina. Ile ya Bagamoyo iliruhusu majahazi tu, meli kubwa zikilazimika kutia nanga mbali na pwani.

Watawala wapya walimhitaji Sewa Haji na papo hapo hawakumwamini. Walimhitaji kwa sababu jeshi na vituo vyao vya bara havikuweza kuhudumiwa bila wapagazi, na hakuna aliyekuwa na mtandao wa wapagazi kama wake. Hawakumwamini kwa sababu alikuwa raia wa himaya ya Kiingereza mwenye nguvu kubwa mno sokoni, na kwa sababu baruti na bunduki zilizopita madukani zingeweza kuishia mikononi mwa watawala wa bara waliokuwa wakipambana na Wajerumani. Biashara ya silaha ikawekewa vizuizi, na makampuni ya Kizungu yakapewa nafasi ya kushindana naye katika usafirishaji.

Ni katika hali hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, alipomwendea gavana wa kwanza wa koloni, Julius von Soden, na zawadi. Wapo watakaosema kwamba alikuwa akinunua amani kwa watawala. Huenda sababu hiyo ilikuwamo; mfanyabiashara mzoefu hatoi kitu bila kujua nani anatazama. Lakini kama lengo lingekuwa kuwapendeza watawala tu, angeweza kutoa fedha na kuwaachia waamue matumizi. Yeye alitoa kwa masharti, na masharti yake hayakuwa ya kumpendeza mtawala wa kikoloni.

Zawadi ya kwanza ilikuwa nyumba ya ghorofa Bagamoyo kwa ajili ya shule, kwa sharti kwamba shule hiyo ipokee watoto wa rangi zote. Zawadi nyingine ilikuwa rupia 12,400 kwa ajili ya kujenga hospitali Dar es Salaam, nayo kwa sharti la namna hiyohiyo: mgonjwa asikataliwe kwa sababu ya asili yake. Kwa msomaji wa leo sharti hilo laweza kuonekana la kawaida. Mwaka 1892 halikuwa la kawaida hata kidogo. Koloni lilikuwa linapangwa tangu msingi wake kwa rangi, kuanzia mitaa ya mji hadi sheria zilizotumika mahakamani, na mtu aliyekuwa akitoa fedha zake mwenyewe alikuwa akidai kwamba angalau milango miwili, wa darasa na wa wodi, isiwe na mpangilio huo.

Inafaa kumlinganisha na Tharia Topan, mlezi wake wa kibiashara. Mwaka 1887, katika kuadhimisha miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria, Tharia alianza kujenga hospitali ya fahari kando ya bahari pale Mji Mkongwe, Unguja, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Alifariki mwaka 1891 kabla haijakamilika. Jengo hilo bado linasimama na ni miongoni mwa yanayopigwa picha nyingi zaidi Zanzibar. Hospitali ya Sewa Haji haikuwa na nakshi za namna hiyo. Ilikuwa jengo la kazi. Na ndiyo iliyodumu kama hospitali kwa takriban miaka sitini.

Ujenzi ulichukua miaka kadhaa. Hospitali ilikamilika mwaka 1897, mwaka uleule ambao serikali ya Kijerumani ilikamilisha hospitali nyingine ufukweni, ile ya Ocean Road, iliyowahudumia Wazungu. Robert Koch, mwanasayansi aliyetambua kiini cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwapo Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Hivyo katika muda wa miezi michache mji mdogo wa wakazi elfu kadhaa ulikuwa na hospitali mbili mpya na mmoja wa madaktari mashuhuri zaidi duniani. Ila hospitali hizo mbili hazikuwa sawa. Iliyokuwa na upepo wa bahari ilikuwa ya wachache. Waafrika na Waasia walikwenda ya Sewa Haji.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo chungu katika maisha ya zawadi hiyo. Sharti la mtoaji lilikuwa kwamba hospitali isimbague mtu. Kwa maana moja lilitimizwa, kwa kuwa mlango wake haukufungwa kwa Mmanyema, Mzaramo, Mshihiri, Mhindi wala Msudani wa jeshini. Kwa maana nyingine lilipinduliwa kimyakimya, kwa sababu serikali ilipojenga hospitali ya watu wake pembeni, hospitali iliyokusudiwa kuwa ya wote ikageuka kuwa hospitali ya waliokatazwa kuingia kwingine. Fedha za umma zilifuata mgawanyo huo. Hakuna neno lililovunjwa katika hati ya zawadi, na bado nia yake haikufikiwa katika utawala wa Kijerumani wala wa Kiingereza uliofuata.

Sewa Haji hakupata nafasi ya kulalamika. Alifariki dunia Unguja mwezi Februari mwaka 1897, mwaka uleule hospitali yake ilipokamilika. Wasia wake ulionyesha kwamba zawadi za mwanzo hazikuwa za kupita. Mali zake zisizohamishika za Bagamoyo na Dar es Salaam aliziacha mikononi mwa serikali kama wakfu, ili mapato yake yasaidie hospitali, elimu, na wenye ukoma waliokuwa wakitunzwa na mapadre wa Bagamoyo. Alielewa, kama mtu wa hesabu, kwamba kujenga kuta ni sehemu rahisi. Mgonjwa anahitaji kula kila siku, na kuta hazizai chakula. Kodi ya nyumba na viwanja ingeweza kufanya hivyo.

Kuhusu wenye ukoma, inatosha kusema kwamba katika miaka hiyo ugonjwa huo haukuwa na tiba, na aliyeupata mara nyingi alitengwa na jamii yake. Kuwakumbuka katika wasia, tena kupitia misheni ya dini isiyo yake, ni jambo ambalo wazee wa Bagamoyo hawakulisahau upesi.

Baada ya majeshi ya Uingereza kuingia Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916, hospitali iliendelea kuitwa kwa jina la mjenzi wake. Mji ulikua kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya wapagazi, ile iliyomtajirisha Sewa Haji, ilikuwa imekwisha katika njia hiyo. Badala yake wakaja makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, matarishi, wapishi na madobi, na familia zao zikajaa Kariakoo na Ilala. Walipougua walikwenda Sewa Haji. Wagonjwa walizidi vitanda, na jengo la karne iliyopita likawa linabeba mji ambao halikujengewa.

Hospitali hiyo ikawa pia mahali pa siasa, kwa njia ambayo mwanzilishi wake asingeweza kuikisia. Madaktari wa kwanza Waafrika wa Tanganyika waliosomea Makerere, Uganda, walipangiwa kazi humo katika miaka ya 1940. Walikuwa na elimu ya juu, walivaa koti jeupe, lakini mshahara na hadhi yao vilikuwa chini ya vile vya Mzungu. Miongoni mwao alikuwa Dkt. Vedasto Kyaruzi, aliyechaguliwa kuwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, mwaka 1950, akiwa na Abdulwahid Sykes kama katibu. Serikali ya kikoloni haikuchelewa kumhamishia nje ya mji, Kingolwira mkoani Morogoro na kisha Nzega. Miaka minne baadaye TAA ikageuzwa kuwa TANU. Kwamba baadhi ya fikra zilizokilea chama hicho zilibebwa na watu waliokuwa wakizunguka wodi za Sewa Haji asubuhi na kukutana jioni katika ofisi ya Mtaa wa New Street si jambo dogo katika historia ya nchi.

Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa dhahiri kwamba hospitali mpya inahitajika. Ikajengwa Upanga, na mwaka 1956 ikafunguliwa na Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alipozuru Tanganyika, ikapewa jina lake. Huduma za Sewa Haji zikahamishiwa huko, na jengo la zamani likabomolewa miaka michache baadaye. Baada ya Uhuru jina la binti mfalme liliondolewa, hospitali ikaitwa Muhimbili. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianzishwa hapo, na kwa mara ya kwanza vijana wa nchi hii wakaanza kusomea udaktari bila kuvuka mpaka. Mwaka 1976 hospitali na chuo viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 2000 hospitali ikasimama peke yake kama Hospitali ya Taifa, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Ocean Road nayo, ile hospitali ya ufukweni iliyokuwa ya Wazungu, leo ni taasisi ya taifa ya saratani inayopokea wagonjwa kutoka kila mkoa.

Jina la binti mfalme lilifutwa. La mfanyabiashara wa Bagamoyo likaachwa. Hilo lilikuwa uamuzi. Serikali ya wakati ule ilibadilisha majina mengi ya kikoloni, na ingeweza kuliona jina la Sewa Haji kuwa la enzi hizohizo. Badala yake lilihamishwa kutoka jengo la zamani na kuwekwa kwenye jengo la wodi katika hospitali mpya, likakaa jirani na majina ya Waafrika.

Bagamoyo nayo haijamsahau. Jengo la shule lililotokana na zawadi yake, lililoanza kutumika mwaka 1896, limeendelea kuwa la watoto wa mji, na linajulikana kama Shule ya Msingi Mwambao. Mgeni anayetembezwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo huonyeshwa jengo hilo, kisha boma la Wajerumani na uwanja wa misafara, na akiendelea hufika misheni ya mapadre ambako wenye ukoma walitunzwa. Kwa miguu ni matembezi ya saa moja au mbili, mafupi kuliko hatua ya kwanza ya msafara wowote uliowahi kutoka katika nyumba ya Sewa Haji.

Na Muhimbili, saa za kutazama wagonjwa zinapowadia, watu huingia wakiwa na chupa za uji na vyakula vilivyofungwa kwenye vitambaa. Wengine wametoka Temeke, wengine wamekuja na wagonjwa wa rufaa kutoka Tabora na Kigoma, mwisho wa njia ileile ya zamani. Humuuliza mlinzi wa getini ni wapi Sewahaji, naye huwanyoshea mkono.